Nyumba ya Mtoni, Unguja

Mtu akitoka mji wa Unguja akashika njia ya Bububu, na bahari ikawa mkono wake wa kushoto, akiisha kwenda mwendo wa kilomita 5 hivi atafika mahali paitwapo Mtoni. Jina hilo limetokana na kijito kitokacho ndani ya kisiwa na kumwaga maji yake baharini mahali hapo. Karibu kabisa na pwani yako magofu ya kuta nene za mawe na chokaa. Hayo ndiyo mabaki ya nyumba ya Sayyid Said bin Sultan, Mwarabu wa Oman, na katika majumba yote ya masultani wa Unguja hilo ndilo la kale zaidi.

Huenda msomaji wa Kwaluguru au wa Korogwe akauliza, Je, sisi tuna nini na nyumba ya Sultani iliyo ng'ambo ya bahari? Swali ni la haki. Nyumba ile ilijengwa mbali na mji, ikafichwa katika miti mikubwa, na watu waliozaliwa ndani yake hawakujua njia za bara. Walakini mara mbili mambo yake yaliifikia nchi yetu ya Uzigua: mara ya kwanza ilipokuwa mpya, na mara ya pili ilipokuwa imekwisha kubomoka. Kwa sababu hiyo nimeona vema kuziandika habari zake.

Shamba la Mtoni halikuanza na Sayyid Said. Kabla yake palikuwa na Mwarabu mmoja tajiri, jina lake Saleh bin Haramil, ambaye hutajwa kuwa mmoja wa watu wa kwanza kuleta miche ya mikarafuu Unguja kutoka visiwa vilivyokuwa vya Wafaransa, mwanzoni mwa karne ya 19. Aliipanda Mtoni na Kizimbani. Mwaka 1828 Sayyid Said alifika Unguja kwa mara ya kwanza, akaona jinsi nchi ilivyo na rutuba na bandari ilivyo salama. Saleh alikuwa na nguvu nyingi na watu wengi nyuma yake, na Sultani hakumpenda. Basi akamnyang'anya mashamba yake. Habari hii itamkumbusha msomaji mfalme Ahabu na shamba la Nabothi. Katika miaka iliyofuata nyumba ikajengwa Mtoni, na hata ilipofika kama mwaka 1840 Sayyid Said alikuwa amekwisha kuhamisha makao yake kutoka Maskati, nchi ya mawe na jua kali, kuja kukaa penye maji na kivuli. Husimuliwa kwamba aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Tuikumbuke amri hiyo, maana tutairudia.

Jinsi nyumba ilivyokuwa ndani twaijua hasa kwa kalamu ya binti mmoja wa Sultani huyo, Sayyida Salme, aliyezaliwa humo tarehe 30 Agosti 1844. Mama yake aliitwa Jilfidan, mtu wa Circassia, nchi ya milima kando ya Bahari Nyeusi, aliyetekwa vitani angali mtoto mdogo, akauzwa, akaletwa katika nyumba ya Sultani. Salme aliandika kitabu cha maisha yake kwa lugha ya Kijerumani, kikapigwa chapa mwaka 1886.

Asema kwamba nyumba ilikaa pwani, imefichwa katika minazi na miembe na miti mingine mikubwa sana. Wala haikuwa nyumba nzuri kwa kuitazama. Katikati palikuwa na ua mpana mno, na kuuzunguka ua huo yalikuwa majengo ya namna mbalimbali, kila moja limejengwa kwa wakati wake bila kufuata mpango mmoja, hata mgeni akiingia hupotea katika vipenu na ngazi na ushoroba. Vyumba vilikuwa vingi visivyohesabika. Upande mmoja wa ua palikuwa na nyumba za kuogea, nazo zilikuwa mbali hata siku za mvua mtu hakuweza kuzifikia pasipo mwavuli. Maji ya kijito yalipitishwa ndani ya nyumba yakajaza mabirika, kisha yakaendelea baharini.

Katika ua huo walitembea tausi, paa, mabata, heroe na mbuni, wote wamefunguliwa waende watakako. Watoto walikuwa na kazi yao ya kila jioni, kutafuta mayai. Nao wakiyapata, na hasa yai la mbuni, humpelekea mpishi mkuu, naye huwapa zawadi. Humo humo uani watoto wa Sultani, wa kiume na wa kike, walifundishwa kupanda farasi na punda weupe tangu umri wa miaka 5. Nafikiri msomaji aliyekwisha soma habari za mfalme Sulemani na merikebu zake zilizoleta tausi atajionea mwenyewe nyumba hiyo ilivyofanana.

Upande wa bahari palikuwa na roshani kubwa ya mviringo, iliyojengwa juu ya nguzo, na humo palikuwa na darubini. Sultani alipenda kuwa hapo. Huenda huku na huku, kichwa kimeinama, mguu mmoja ukichechemea kidogo, kwa maana alikuwa na risasi pajani tangu ujana wake vitani. Binti yake asema alikuwa akimwona hivyo saa nyingi, peke yake, amezama katika mawazo. Mtu aliyekuwa akitawala Oman na pwani yetu yote tangu Mogadishu hata Cape Delgado alikuwa na mambo mengi ya kufikiri, na si yote mema.

Watu waliokaa katika nyumba hiyo, pamoja na watumwa, walikadiriwa kuwa kama 1,000. Mke aliyeolewa kwa ndoa ya hali yake alikuwa mmoja, Bibi Azza binti Seif, wa ukoo wa masultani wa Oman. Alikuwa mfupi wa kimo lakini mkali wa amri, na hakuna aliyethubutu kuketi akipita. Wengine wote walikuwa masuria, walionunuliwa kutoka nchi mbalimbali, na watoto wao. Sultani alikaa Mtoni siku 4 katika juma, na siku 3 hukaa mjini katika nyumba yake ya pwani. Mbele yake ilipasa kusema Kiarabu tu. Akiisha ondoka, nyumba yote hujaa Kituruki na Kiajemi na Kihabeshi na Kiswahili na lugha ya Circassia, kila mtu na lugha ya mama yake.

Kwa habari za shule, watoto walisomeshwa na mwanamke aliyetolewa Oman. Waliketi juu ya mkeka, wakasoma Kurani. Wavulana walifundishwa na kuandika. Wasichana walifundishwa kusoma tu, maana walidhani msichana ajuaye kuandika atawapelekea barua watu asiopaswa kuwaandikia. Salme alipokuwa mkubwa kidogo akajifundisha kuandika kwa siri: alichukua mfupa wa bega la ngamia, akautumia kama kibao, akayaiga maneno ya Kurani herufi kwa herufi hata mkono wake ukazoea. Mimi niliye mwalimu nimesoma mahali hapo zaidi ya mara moja. Na baadaye tutaona jinsi kalamu hiyo ilivyomwingiza katika hatari.

Sasa na tuiache kidogo roshani ya Sultani, tuvuke bahari kuelekea magharibi. Ukisafiri kwa jahazi kutoka Unguja kwenda moja kwa moja mrima, utafika Saadani, nayo ni bandari ya Wazigua. Katika miaka ile ile ya 1830, nyumba ya Mtoni ilipokuwa ikijengwa na miche ya karafuu ilipokuwa ikipandwa kwa amri, njaa kubwa iliingia Uzigua. Mvua zilikatika, watu wakala mizizi na ngozi, na watu wenye njaa wakashuka pwani kutafuta chakula. Huko walikuwako wenye vyakula waliotaka watu. Wengine walijiweka rehani wenyewe. Wengine waliwatoa watoto wao kwa pishi za nafaka, wakitumaini kuwakomboa baada ya mavuno. Wengine waliambiwa kwamba watapelekwa kufanya kazi mahali penye chakula kisha watarudishwa, wakapandishwa majahazini. Hawakurudishwa. Kwa maana miti mitatu ya karafuu kwa kila mnazi haipandwi wala haipaliliwi wala haichumwi kwa mikono ya Bwana Sultani, wala kwa mikono ya Bibi Azza.

Wala tusijifanye kuwa sisi tulikuwa wa kuonewa tu. Wazigua walipopata bunduki za pwani, wako waliowawinda jirani zao wa Bonde na Usambara na kuwauza vile vile. Wazee wetu walijenga vijiji ndani ya vichaka vya miiba, njia yake nyembamba, lango la magogo, hata mtu aweza kupita karibu asijue kwamba kuna watu. Nyumba ya Mtoni nayo ilifichwa katika miti, lakini kwa ajili ya stara na kivuli na wake wasionekane. Vijiji vyetu vilifichwa kwa sababu ya woga. Na woga huo ulitoka katika biashara ile ile iliyoilisha nyumba ya Mtoni.

Sayyid Said alikufa tarehe 19 Oktoba 1856, ndani ya merikebu yake, karibu na visiwa vya Shelisheli, alipokuwa akirudi kutoka Oman. Mwanawe Barghash alikuwamo merikebuni, akaileta maiti, ikazikwa usiku. Watoto waliokuwa hai siku hiyo walikuwa 36, wanaume 18 na wanawake 18. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba nyumba ile ilishikwa na mtu mmoja tu. Majid akatawala Unguja, Thuwaini akatawala Oman, na mwaka 1861 Waingereza wakaikata dola kuwa nchi mbili. Watu wa Mtoni wakatawanyika mjini na mashambani. Mama yake Salme akafa kwa kipindupindu mwaka 1859, na mwaka huo huo Barghash akataka kumpindua Majid nduguye. Salme alikuwa na miaka 15 tu. Lakini kwa kuwa alijua kuandika, akafanywa karani wa fitina hiyo, akaandika barua za siri kuwaita watu na kununua silaha. Fitina ikashindwa, manowari ya Kiingereza ikamsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay.

Yaliyofuata yanajulikana na wengi, basi nitayapita upesi. Salme alipendana na mfanya biashara Mjerumani, Heinrich Ruete, jirani yake mjini. Mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden, na tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa huko kwa jina la Emily, akaolewa siku ile ile, wakaenda Hamburg. Miaka 3 baadaye mumewe aliangushwa na gari la reli la njiani akafa, akamwacha na watoto watatu katika nchi ya baridi. Wako Wakristo wanaopenda kumtaja kama mfano wa kuongoka. Mimi sioni vema kufanya hivyo. Alibatizwa upesi, bila kufundishwa kwa utaratibu kama wafundishwavyo wanafunzi wetu wa ubatizo, na maandiko yake yaonyesha kwamba moyo wake ulisumbuka kwa jambo hilo muda mrefu.

Hapa ndipo nyumba ya Mtoni inapoigusa Uzigua mara ya pili. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Karl Peters alipita bara akiwatilisha wakuu alama juu ya karatasi wasizozielewa. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akatoa hati ya kuzilinda nchi nne: Usagara, Nguru, Ukami na Uzigua. Nchi yetu ikatajwa kwa jina katika hati hiyo, na wengi wa wenyeji wake hawakuwa wamepata kumwona Mjerumani. Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, akakataa, akasema nchi hizo ni zake. Basi mwezi wa Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikaja zikatia nanga mbele ya mji wa Unguja, mizinga ikielekezwa kwenye nyumba yake. Na pamoja nazo alikuja Emily Ruete na watoto wake.

Yeye alikuja kudai urithi wake. Alikuwa mjane, naye alikuwa amenyimwa sehemu yake katika mali ya baba na ya ndugu waliokufa. Lakini Bismarck, waziri mkuu wa Ujerumani, hakumchukua kwa ajili ya huruma. Alimchukua kama mtu achukuavyo fimbo ya pili mkononi: Sultani akikataa habari ya bara, ataulizwa habari ya dada yake. Barghash alikubali habari ya bara, na Uzigua ikawa mikononi mwa Wajerumani. Fimbo ya pili haikutakiwa tena. Sultani alikataa kumwona dada yake, na urithi aliokuja kuudai hakuupata. Mwaka 1888 alirudi tena, akaondoka mikono mitupu. Watu wa mjini, hata hivyo, walimfuata njiani wakimsalimu kwa furaha.

Katika safari hiyo ya 1885 alikwenda Mtoni. Asema alikuta nyumba imekuwa magofu. Ngazi nyingine hazikuwako, nyingine zimefunikwa na majani. Mahamamu yamekosa dari. Na sehemu kubwa ya majengo imeanguka, mawe yamelala pale pale yalipoangukia. Haikuwa imepita hata miaka 30 tangu baba yake kufa. Katika vita vya 1914 sehemu iliyosalia ikatumiwa kama ghala, na baadaye matangi ya mafuta yakajengwa jirani yake. Emily mwenyewe alikufa Ujerumani, katika mji wa Jena, mwaka 1924.

Liko jambo moja zaidi katika kitabu chake ambalo mtu wa Uzigua hawezi kulipita. Katika sura moja ausemea utumwa. Asema kwamba Wazungu wamekosea kuukomesha kwa haraka, kwamba watumwa wa Waarabu walitunzwa vizuri kuliko watumwa wa Marekani, walipewa chakula na nguo, na kwamba mtu mweusi asipolazimishwa hafanyi kazi. Sidhani alisema uongo kwa makusudi. Aliona watumwa wa ndani, wayaya na wapishi na waliovaa vizuri siku za sikukuu, wala mtoto wa Sultani hapelekwi kutazama soko la Mkunazini. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, Sultani akiwa Barghash na balozi wa Uingereza akiwa John Kirk, na mahali pale pale Askofu Steere akajenga kanisa kuu. Hata mama yake mwenyewe alikuwa mtoto aliyetekwa na kuuzwa, naye ameiandika habari hiyo kwa huzuni. Lakini hakuunganisha habari ya mama yake na habari ya wale waliochota maji ya Mtoni.

Jibu la neno lake lilikwisha kutolewa na Wazigua kabla hajaliandika. Wale waliopandishwa majahazini wakati wa njaa, wengi wao walipelekwa kaskazini wakauzwa katika pwani ya Barawa kulima mashamba ya Wasomali. Chakula walipewa. Walakini walitoroka kwa makundi, wakaenda kwa miguu wakitaka kurudi kwao, na walipoona njia ni ndefu na ya hatari wakajificha katika misitu ya mto Juba, wakajenga vijiji, wakajilinda kwa silaha, wakaishi huru. Mtu aliyeridhika na hali yake hakimbilii msitu wenye simba na mbung'o.

Huko Juba walikaa zaidi ya miaka 150, wala hawakuiacha lugha yao. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991, baadhi yao wakapanda vyombo, wakashuka katika pwani ya Tanga, wakasema wametoka Uzigua na wanarudi kwao. Katika miaka ya 2000 serikali iliwapa mahali pa kukaa Chogo, katika wilaya ya Handeni, na wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania. Walifika wakisema Kizigua.